Bunduki yangu ya kanga, na kiboko aliyemzuia mama kupanda

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi huwa nasoma tu na kupita. Leo nimeshindwa kupita kwa sababu ya kijana mmoja aliyeuliza kwenye uzi mwingine: rifle gani ni ya bei nafuu, ina shabaha nzuri, na aitumie na risasi gani. Amejibiwa na wengi. Kila mmoja ametaja namba ya bunduki yake na kusifia chake. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza anataka kupiga nini.

Niliwahi kuwa kijana huyo. Naomba nisimulie yaliyonipata mimi Odhiambo, Kisumu na kwetu karibu na Luanda Kotieno, mwishoni mwa miaka ya themanini.

Nitasema ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha. Pako pahali panaponiaibisha sana, na watu wa kwetu hawajawahi kupasikia.

Vuteni viti.

Nilikuwa fundi mitambo kwenye karakana moja ya mashamba ya miwa, upande wa mashariki wa Kisumu. Msimamizi wangu alikuwa Mzee Gurdial, Kalasinga aliyezaliwa hapo hapo Kisumu na aliyeongea Kijaluo vizuri kuliko watoto wangu wa leo. Mkali kazini, mpole Jumapili.

Jumapili alikuwa anakwenda kupiga kanga na kwale pembeni mwa miwa. Siku moja akanibeba nimsaidie kuendesha Land Rover yake, na huo ukawa mwisho wangu. Nilimwona akipiga kanga mmoja kutoka mbali, ndege akaanguka pale pale bila kurukaruka, na mimi nikajua nataka bunduki.

Kwa wale wadogo: kuwinda swala na wanyama wakubwa kulikuwa kumeshapigwa marufuku Kenya nzima. Kilichobaki kwa raia ni ndege, kwa leseni, na wenye mashamba kufukuza nyani na waharibifu wengine. Kwa hiyo ukiona mzee anakuambia eti miaka hiyo alikuwa anaangusha swala kila wikendi na karatasi zake zote ziko sawa, mpe kiti akae lakini usimwamini.

Sasa, kuchagua.

Kosa la kwanza nilitaka kubwa. Kuna mkulima alikuwa anahama nchi, anauza vitu vyake kupitia duka lenye kibali. Alikuwa na rifle moja nzito ya mitutu miwili, kitako cha mbao nyekundu, imechorwa majani na tembo. Nilipoishika sikutaka kuirudisha. Bei aliishusha mpaka nikaona naiweza nikijibana kidogo.

Mzee Gurdial akaigeuza, akaitazama ndani, akanirudishia.

"Odhiambo, risasi yake utatoa wapi?"

Nikasema nitaagiza Nairobi.

"Utaagiza moja, utaiweka kwa kabati, utaionyesha wageni. Hii si bunduki, bwana, hii ni bibi wa pili. Kununua ni rahisi. Kulisha je?"

Nikacheka lakini niliumia. Hata hivyo alikuwa sahihi. Bunduki usiyoweza kununua risasi zake za mazoezi hutakaa uijue, na bunduki usiyoijua haina shabaha hata ikiwa imetengenezwa na malaika.

Mkulima yule yule alikuwa na kitu kingine kimesimama kwenye kona, hakuna anayekitazama. Point two-two, bolt action, kuukuu, kitako kimechubuka, mkanda umekatika. Mzee Gurdial aliitoa bolt, kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani, akainua mtutu kwenye mwanga wa dirisha, akaniita nitazame. Ndani mlikuwa safi, mistari inazunguka vizuri, hakuna kutu. Kwa hewa ya ziwa letu hilo si jambo dogo. Hapa kwetu hata sindano ya kushonea ukiisahau wiki moja inaota kutu.

"Nje amezeeka, ndani ni msichana," akasema. "Chukua."

Certificate ilichukua miezi. Kuulizwa, kuandikiwa, kurudi kesho, kuonyesha sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani. Silalamiki. Kitu kama hicho kikipatikana kirahisi ni hatari.

Nilipoipata nikafanya kosa la pili. Nikanunua scope ya bei rahisi kutoka kwa jamaa wa mjini. Ilifanya kazi kiangazi. Mvua zilipoanza ikajaa ukungu ndani, ukitazama unaona maziwa. Nikaitoa, nikabaki na sight za chuma zilizokuja na bunduki, na sikuwahi kujuta.

Kisha risasi. Hapa kijana sikiliza.

Nilinunua paketi za aina tatu. Moja ya bei ghali, ya mwendo kasi, boksi lake linameremeta. Ya pili ya kati. Ya tatu ya chini kabisa, ya mwendo wa polepole, imepakwa nta, boksi la rangi ya udongo. Tukaenda kwenye shimo la kuchimbia murram, ambako ukuta wa udongo ulikuwa mrefu kuliko nyumba. Tukapanga vifuniko vya mikebe ya mafuta ya kupikia, tukapima mita hamsini kwa hatua, nikalala kifudifudi juu ya gunia.

Zile za ghali zilitawanyika kama mtama uliomwagika. Nikafikiri ni mimi. Nikarudia, hivyo hivyo. Za kati afadhali kidogo.

Zile za boksi la udongo, risasi tano, ukiweka shilingi moja juu ya matundu yote unayafunika.

Mzee Gurdial hakushangaa. "Kila bunduki iko na chakula yake. Usiulize watu. Uliza yeye."

Huo ndio ushauri wa kitaalamu mtakaoupata kwangu wakuu, mengine ni stori.

Kwa miaka miwili niliijua bunduki ile kama ninavyojua sauti ya injini. Kanga niliwapiga, kwale niliwapiga, nyani niliwafukuza. Nikawa fundi kweli. Na hapo ndipo mdomo ulipoanza kuniponza.

Nikirudi nyumbani likizo, nikiwa na kanga wawili mkononi, watu wa kwetu waliniita Jabunde, yaani mtu wa bunduki. Nilipenda jina hilo kuliko jina la ubatizo. Sokoni nilikuwa naambia watu kwamba kitu changu hakikosi. Nilitoa shilingi mfukoni nikawaonyesha: hatua arobaini, hamsini, naiweka risasi hapa katikati. Ilikuwa kweli. Ila kuna kweli ambayo ni bora ukae nayo.

Sikuwaambia ni risasi ndogo kiasi gani. Hakuna aliyeuliza. Kwao bunduki ni bunduki, kama vile radi ni radi.

Sasa tufike kwenye kisa.

Mwaka huo mvua ya masika ilikuja mapema. Nikiwa karakana nikaletewa barua kutoka kwa kaka yangu Ouma, mkubwa wangu, aliyebaki nyumbani akilima na kuvua. Ilikuwa fupi. Rao amekaa kwa shamba ya mama. Mama hajatoa mbegu. Kuja haraka na bunde.

Rao ni kiboko. Bunde ni hiyo mnayoijua. Hilo la mbegu acha nieleze kwa wasio wa kwetu.

Kwetu boma lina utaratibu. Anayetangulia kupanda ni mama mwenye boma. Akishatia mbegu zake ardhini, ndipo mwanawe wa kwanza anapanda, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mtoto akimruka mama amevunja mwiko, na kinachofuata kinaitwa chira. Unakonda, watoto wanaugua, mambo yako hayaendi. Mzungu wa kanisa alihubiri dhidi ya jambo hili mpaka akastaafu, na wanakwaya wake wote walikuwa wakienda nyumbani kumsubiri mama atoe mbegu.

Baba alikuwa amefariki zamani. Mama alikuwa na mashamba mawili, moja juu karibu na nyumba na lingine chini kando ya ziwa, lile ambalo baba alimwonyesha alipoletwa kama bibi harusi. Kila msimu, mbegu ya kwanza ilikwenda kwa hilo la chini.

Na hapo ndipo kiboko jike alipokuwa ameweka makazi, akiwa na mtoto. Mchana yuko kwenye mafunjo, usiku anapanda kula majani, alfajiri anarudi majini. Njia yake ilikuwa inapita katikati ya shamba la mama.

Mvua ilikuwa inapita. Wake wa Ouma wawili walikuwa na mbegu ndani ya vibuyu. Udongo ulikuwa laini. Majirani mahindi yao yalikuwa yameshachipua. Boma letu lote, watu karibu ishirini ukihesabu watoto, lilikuwa limekaa linamsubiri mama, na mama alikuwa anamsubiri kiboko. Tungekosa msimu ule, kula kwetu kungekuwa kwa kuombaomba.

Niliomba ruhusa, nikafunga bunduki, nikaenda.

Nilipofika niliogopa. Sikuogopa kiboko, niliogopa sherehe. Min Awino, yaani mama yake Awino, jirani yetu, alikuwa ameshanoa visu vitatu na kuazima sufuria ya kanisa. Alikuwa ameshamwahidi mkwe wake paja. Watu walinipokea kwa vigelegele, Jabunde, Jabunde. Sijawahi kupokelewa vile, hata siku ya harusi yangu.

Jioni kabla jua halijazama Ouma alinipeleka kwenye kichuguu tukamwona. Alikuwa ndani ya maji, macho na masikio tu nje, mtoto amelala mgongoni mwake. Kisha akainuka kidogo, nikaona shingo.

Wakuu, mimi nilikuwa na risasi yenye ukubwa wa punje ya maharagwe. Ya kumwangushia ndege. Ile shingo ilikuwa nene kuliko tairi la trekta ninalolifunga kazini. Kumpiga yule na kile kitu ni kumchoma na mwiba. Hatakufa. Atakasirika, na atakayekutana naye kesho alfajiri akienda kuchota maji ndiye atakayelipa.

Nikamwambia Ouma hivyo.

"Si ulisema haikosi?"

"Haikosi. Lakini haiui hii."

"Sasa ulinunua ya nini, omera, ndugu yangu? Ya kupigia picha?"

Nikamwambia tena na sheria haituruhusu, twende kwa askari wa wanyama waje wenyewe. Akaniambia ameshaenda mpaka Bondo, askari yuko ufuo mwingine na kazi kama hiyo hiyo, watakuja siku zijazo. "Na mvua nayo itakuja siku zijazo?" akaniuliza.

Usiku tukamsihi mama. Yeye alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, asiyepandisha sauti hata akigombana. Nikamwambia aanzie shamba la juu msimu huu tu.

"Nimeanza kule chini tangu kabla sijamzaa Ouma," akasema. "Nikigeuza leo, hiyo chira haitanishika mimi. Mimi nimeshazeeka. Itashika nyinyi."

"Mama, rao anaua."

"Najua. Kwani nimezaliwa wapi?" Kisha akanitazama, akaitazama bunduki iliyoegemea ukuta. "Hii yako imeshindwa?"

Nikasema imeshindwa.

"Haya. Lala, umechoka na safari."

Nilifikiri maneno yameisha.

Asubuhi mapema, mwanga ukiwa bado wa kijivu, Ouma aligonga mlango wangu. Mama hayuko nyumbani. Beseni la mbegu halipo. Jembe halipo.

Nilichukua bunduki. Sijui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe. Nilitia risasi huku natembea. Tulishuka ile njia nusu tunakimbia nusu tunajizuia, mvua ya usiku imeacha utelezi.

Tukafika pembeni ya shamba tukasimama kama tumepigwa misumari.

Kiboko alikuwa amechelewa kurudi. Alikuwa nchi kavu, kwenye ukingo wa juu wa shamba, hatua arobaini mbele yetu, mtoto ubavuni. Alikuwa ametugeuzia mgongo kwa mshazari, kichwa kinaelekea ziwani. Na huko ziwani, hatua kama ishirini mbele yake, alikuwa amesimama mama na beseni lake mikononi. Mwanamke mzee amesimama kati ya kiboko mwenye mtoto na maji yake. Watu wa ziwa wanajua hakuna mahali pabaya zaidi duniani.

Ouma alikuwa ananong'ona karibu na sikio langu, "Piga. Odhiambo, piga. Piga mama asife."

Jana yake nilikuwa nimesema maneno yote ya busara. Nilijua risasi haitamuua. Nilijua ikimchoma atakwenda mbele, na mbele alikuwa mama. Nilijua yote hayo, lakini mikono haikujua. Nilipiga goti moja, nikafumba jicho, nikatafuta sikio. Sikio la kiboko ni dogo, na nilijua hatua arobaini naliweka risasi katikati. Nilisahau kila kitu kingine. Niliona sikio tu, na kile chuma kidogo cha mbele ya mtutu kimetulia juu yake. Sijawahi kulenga vizuri namna ile, kabla wala baadaye.

Safety ilikuwa imeshatoka. Kidole kilikuwa kimeshaanza kuvuta. Triga ya bunduki ile niliijua, ina hatua mbili. Ya kwanza nilikuwa nimeimaliza.

Ndipo nikasikia mama.

"Odhiambo. Weka chini hiyo kitu."

Hakupiga kelele. Ni ile sauti ya kuniambia niondoe kikombe mezani.

"Weka chini, nyathina, mwanangu. Mimi naona njia yake."

Nikashusha.

Mama aliinama polepole, akaweka beseni chini. Kisha akaanza kutembea kwa kando, hatua moja, nyingine, bila kumpa mgongo yule mnyama na bila kumkazia macho, mpaka akafika kwenye ua wa katani. Akajibana pale. Kiboko alikoroma mara moja. Mtoto akamsukuma ubavu. Basi wakaondoka, mama kiboko na mwanawe, moja kwa moja kwenye njia yao, kwa mwendo ambao huwezi kuamini kwa mwili ule. Walipita pale mama alipokuwa amesimama. Beseni lilitoa mlio wa bati linalokunjwa. Maji yakafunguka, yakafunga.

Ouma alikaa chini kwenye matope. Mimi nilitoa bolt nikaiweka mfukoni, maana sikujiamini.

Mama akarudi shambani kulitazama beseni lake. Lilikuwa limebapa kama chapati. Mahindi na maharagwe yalikuwa yametawanyika, mengine yamekanyagwa ndani ya nyayo za kiboko, mashimo makubwa yaliyojaa tope jeusi. Akachuchumaa. Akasukuma udongo kwa kiganja, akafunika shimo la kwanza. La pili. La tatu. Akasimama, akajipangusa mikono kwenye leso.

"Basi. Nimepanda."

Ouma akiwa bado chini akasema, "Mama, hiyo ni rao amepanda."

"Mbegu ni ya nani? Shamba ni ya nani? Ni mkono ya nani imefunika?" Akamtazama mtoto wake wa kwanza, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, amekaa kwenye tope. "Inuka uchukue jembe. Jua inapanda na wewe umekaa."

Tulicheka, wakuu. Tulicheka mpaka machozi yakatoka, kile kicheko cha watu waliopona.

Kabla ya saa tano Ouma alikuwa anapanda. Nilisubiri amalize mistari yake, kisha nikapanda yangu. Min Awino alirudisha sufuria ya kanisa bila kunisalimia. Askari wa wanyama walikuja baada ya siku chache, wakapiga madebe na kuwasha mioto usiku wa siku mbili mfululizo, na yule jike akahamia na mtoto wake kwenye mafunjo ya mbali ambako hakuna shamba. Mavuno yalikuwa ya kawaida, si mengi si haba. Tulikula.

Lakini jina la Jabunde lilikufa siku ile ile. Ouma alisimulia kila mahali jinsi nilivyopiga goti nikashindwa, mpaka mama akaniamuru niache. Miaka na miaka nikipita sokoni watu walikuwa wanaitana, "Wee, weka chini hiyo kitu!" Hata watoto waliozaliwa baadaye waliujua utani huo bila kujua ulikotoka. Kwa mwoga huenda kicheko, wahenga walisema, na kicheko kilikuja kwangu kwa wingi.

Kazini nilisimulia tofauti. Niliwaambia mafundi wenzangu kwamba nilikataa kupiga kwa sababu ninajua caliber, ninajua sheria, nilitulia. Wakaniheshimu. Mzee Gurdial aliniuliza swali moja tu, nyuma ya kiboko palikuwa na nini, nikajifanya sijasikia nikaingia chini ya trekta.

Kwa hiyo nyumbani nilikuwa mwoga na karakana nilikuwa mwenye hekima. Yote mawili ni uongo. Ukweli ni ule wa kidole.

Nilikaa nao mpaka katikati ya miaka ya tisini. Mama alikuwa amedhoofika, nimekwenda kumtazama, tumekaa kwenye kibaraza tunapukuchua mahindi. Watoto wa Ouma walipita wakitaniana na ule utani wa weka chini. Nikajikuta nasema.

"Mama, siku ile sikuwa naogopa. Nilikuwa napiga. Kidole kilikuwa kinavuta."

Aliendelea kupukuchua.

"Najua," akasema. "Nilikuwa naangalia tundu la bunduki."

Sikuelewa mara moja. Akaniwekea gunzi kwenye kapu, akachukua lingine.

"Rao alikuwa kando kidogo. Lile tundu lilikuwa linaniangalia mimi. Jicho lako moja lilikuwa limefumba na lingine halikuwa linaniona. Nikasema huyu mtoto ameona sikio tu."

Miaka yote ile nilikuwa nikijua nilikaribia kumchokoza kiboko. Sikuwa nimejua mama alisimama kwenye mstari wa shabaha yangu, ile nzuri kuliko zote nilizowahi kulenga.

"Kwa nini hukusema, mama? Umeacha watu wanicheke miaka hii yote. Ouma ananiita mwoga mbele ya watoto wangu."

"Ningesema, wangekuita mtu aliyelenga mama yake. Jina hilo ungelivua wapi?" Akanigusa goti kwa ule mkono wenye vumbi la mahindi. "Mwoga anaoa, anazaa, anazeeka. Wacha wacheke."

Nililia, wakuu. Mtu mzima mwenye ndevu. Yeye aliendelea kupukuchua mahindi yake kama hajasema kitu.

Wiki iliyofuata niliirudisha bunduki kwenye lile duka lenye kibali pamoja na karatasi zake. Haikuwa na kosa lolote. Aliyeichukua alipata kitu kizuri, na nilimwachia na maboksi yaliyobaki ya zile risasi za polepole.

Mama amelala sasa kwenye boma, kando ya nyumba yake. Ouma bado anasimulia kisa kile kwenye kila matanga, na bado mimi ndiye mwoga ndani yake. Sijawahi kumsahihisha. Akiusoma uzi huu, basi amejua leo.

Nilichojifunza ni kidogo. Bei nafuu inapatikana, shabaha inapatikana, risasi inayoelewana na bunduki yako utaipata ukiwa na subira na ukuta mrefu wa udongo. Mimi nilikuwa navyo vyote vitatu asubuhi ile.

Kijana uliyeuliza, karibu hapa chini, na wakubwa mliowahi kushika chuma karibuni pia. Tutajie namba baadaye. Kwanza tuambie unataka kupiga nini, na nyuma yake amesimama nani.